Kamati ya Afisa

Sote tulimwita Afisa, ingawa nilipomjua alikuwa amekwisha kurudisha funguo za serikali, akakatiwa keki na kupewa saa ya ukutani. Alikuwa mkaguzi wa ofisi ya leba, mtu wa kuzunguka mashambani na viwandani kuangalia kama waajiri wanafuata sheria. Alianzia Nyeri, akapelekwa Nanyuki, akarudishwa Nyeri, akastaafu. Lakini watu wa Timau hawakuwa wamesikia kwamba afisa anaweza kuacha kuwa afisa. Akitokea barabarani na sketi yake ya kijivu, koti zito la sufu na viatu vya kamba kama vya mwanamume, wauza viazi waliinuka kidogo kutoka kwenye magunia waliyokalia. Yeye hakuwasahihisha. Nilimwuliza siku moja kwa nini hawaambii ukweli.

"Wakijua nimestaafu, nani atanisikiza?" alisema. "Wacha waniite tu. Jina halili chakula."

Habari za ukoo wake sizijui, na sikuwahi kuziuliza. Nilijua kwamba anaishi Gatitu, upande wa Nyeri, kwenye nyumba ya mawe yenye ua wa michongoma, na kwamba marehemu mumewe alimwachia shamba la kahawa kule Tetu. Yeye naye alijua machache yangu: kwamba nimetoka Bungoma, watoto nimemwachia mama yangu, nafanya kazi katika shamba kubwa la waridi nje ya Timau, na mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Ukiisha, unapumzishwa majuma machache, halafu unaitwa tena na kuandikwa kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Hivyo ndivyo shamba lilivyokwepa kutuajiri kabisa. Watoto wangu wawili walianza shule na kufika darasa la juu, na mimi bado nilikuwa mgeni katika lile shamba.

Kitu cha kwanza ambacho mtu aliona kwake ni kwamba hakunywa chai. Katika nchi ya baridi kama Timau, ambako asubuhi mlima unapumulia shingoni, mtu kukataa chai ni jambo la kushangaza. Alikunywa maji ya moto matupu, akikishika kikombe kwa mikono miwili. Padri wa parokia yetu alipomwuliza kama ni sukari au presha, alicheka.

"Sina ugonjwa, Padri. Nilikunywa chai ya mameneja miaka yote ya kazi. Ilinitosha."

Baadaye alinieleza. Ofisi yake haikuwa na gari. Au lilikuwepo, ila halikuwa na mafuta, au lilikuwa limechukuliwa na mkubwa. Kwa hiyo akitaka kukagua shamba, alilipigia simu shamba lenyewe, nalo likamletea gari. Alichukuliwa mlangoni, akapelekwa moja kwa moja ofisini kwa meneja, akapewa chai ya maziwa na mandazi, na wakati anakunywa, wafanyakazi walikuwa wanagawiwa viatu vya mpira, gambuti mpya, na glavu. Akitoka kutembea kwenye mabanda ya maua, alikuta kila mtu amevaa vizuri. Aliandika kwamba hali ni nzuri. Jioni alirudishwa kwa gari lile lile, na shada la maua ameweka mapajani.

"Nilikuwa najua," aliniambia. "Usifikirie sikuwa najua. Gambuti mpya zinapiga kelele mtu akitembea. Zilikuwa zinalia, kwi, kwi, kwi, banda lote. Na mimi naandika."

Alisimulia hayo bila kujipiga kifua wala kulia, kwa sauti ile ile ambayo mtu angekuonyesha mahali ng'ombe wake alipovunjikia mguu.

Alikuwa na Kiswahili cha ofisi, kilichonyooka, mpaka akasirike. Akikasirika, "lakini" yake iligeuka "rakini," na hapo sisi tuliomjua tulianza kukusanya vikombe. Nilimsikia akimwambia supavaiza mmoja, aliyekuja kanisani kuchungulia nani amehudhuria mkutano wa kamati yetu, "Karibu uketi, kijana. Rakini ukiketi utaandika jina lako kama wengine." Kijana hakuketi.

Mwende ndiye aliyemleta kwetu, ingawa si kwa kupenda.

Mwende alitoka Kitui, na tulikuwa tunakaa pamoja chumba kimoja cha mabati katika ploti moja karibu na shamba, sisi wawili na wanawake wengine wawili tuliopokezana nao vitanda kwa zamu. Alikuwa mdogo wetu, mcheshi, mwenye kuimba akiosha vyombo. Alikuwa na mimba, nayo ilikuwa imeanza kuonekana. Asubuhi moja supavaiza alimwambia yeye na wenzake waingie banda ambalo lilikuwa limepigwa dawa alfajiri. Karatasi za nailoni zilikuwa bado zinatiririka. Mmoja wao aliuliza kama si waache likauke kwanza, akajibiwa kwamba maua hayangoji mtu, ndege inangoja maua. Wakaingia. Kabla ya chakula cha mchana Mwende alikuwa amekaa chini kati ya mistari ya waridi, akitapika. Kliniki ya shamba ilimpa dawa ya maumivu na pakiti ya maziwa. Juma lile lile mimba ikatoka. Shamba likasema mambo hayo mawili hayahusiani, na mkataba wake ulipokwisha mwisho wa mwezi, hakuitwa tena.

Kuna mtu wa kanisa aliyemsimulia Afisa, naye akaja. Nilidhani atatoa kalamu na kuanza kuhoji. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama Mwende, akatazama beseni lililokuwa pembeni na mashuka yaliyolowekwa tangu jana. Akavua koti, akakunja mikono ya sweta, akabeba beseni hadi bombani nje. Nikamfuata.

"Afisa, wacha, nitafua mimi."

"Wewe umetoka kazini saa hizi. Kaa."

Akafua, amechuchumaa na ile sketi ya kijivu, maji yakimrukia viatuni. Majirani walisimama milangoni kutazama. Alipomaliza kuyaanika alibaki ameshika kamba ya nguo kwa muda.

"Hili shamba nimelikagua mara nyingi," alisema. 

Baada ya siku hiyo alianza kubisha milango. Hilo ndilo lililomfanya ajulikane, na ndilo ninalotaka kulieleza vizuri, kwa maana watu wa sasa husema tu kwamba alikuwa na kamati na ikafa.

Watu wa kututetea tulikuwa nao, tena wengi. Shida yao ni kwamba hawakupatana. Katibu wa chama cha wafanyakazi alikuwa na ofisi Nanyuki, juu ya duka la vipuri. Kwake mtu ambaye si mwanachama hakuwa na shida inayomhusu. Padri wa parokia alitupa ukumbi, na sadaka ya nguo wakati wa baridi, lakini alimwona Katibu kama mwanasiasa anayetafuta kura. Wakili, msichana mwerevu kutoka shirika moja la haki kule Nairobi, alikuja na kamera na maswali, na Katibu alisema waziwazi kwamba anakusanya machozi ya watu kwenda kuyauza ng'ambo. Halafu kulikuwa na Hajji, mfanyabiashara wa mifugo, mwenyekiti wa kamati ya msikiti wake Nanyuki. Vijana wengi waliotoka Isiolo na Marsabit kubeba maboksi mashambani walimkimbilia yeye wakiumia, na yeye aliwasaidia kimyakimya kwa mfuko wake. Hakuna hata mmoja wa wale wengine aliyewahi kumtembelea.

Afisa aliwaendea mmoja mmoja, kwa matatu na kwa miguu. Kwa kila mmoja alisema neno lile lile. "Mtu mmoja akibisha, mbwa ndiye anatoka. Wakibisha wengi, anatoka mwenye boma."

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa parokia. Mimi nilikuwa nimechaguliwa na wenzangu kuwasemea vibarua. Kila mgeni alitaka kuketi na watu wake. Afisa alisimama mlangoni akawapanga kama mwalimu wa darasa la kwanza: Katibu kati ya Padri na Hajji, Wakili kando ya mzee mmoja wa kanisa ambaye hakupenda wanawake wenye suruali, na mimi mbele kabisa. Alikuwa amebeba githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, katika chupa kubwa ya kutunza joto, kutoka Gatitu, na alikataa kuanza mpaka kila mtu ale.

"Mtu akiwa na mdomo umejaa," aliniambia pembeni, "hawezi kumkatiza mwingine."

Wakagombana. Mikutano miwili mizima ilipotea kwenye jina la kamati, nani atangulie, nani afuate. Mimi nilikata tamaa. Nilimwambia kwamba tunapoteza muda, Mwende yuko nyumbani anaumwa, na wakubwa wanagombania jina.

"Wacha wagombanie, Mama Faith," alisema. "Mtu hagombanii kitu hataki."

Nilicheka, lakini alikuwa sawa. Mkutano wa tatu Hajji alileta mguu wa mbuzi, Padri akaomba baraka, Katibu akasimulia jinsi alivyofukuzwa kazi ya kiwanda cha chai akiwa kijana, na Wakili akafunga kamera yake akasikiliza. Wakaandika madai yao: banda lililopigwa dawa lisiingiwe mpaka likauke, mwanamke mjamzito ahamishwe kwenda pakihausi, mahali pa kupanga na kufunga maua, kibarua anayerudishwa kila mara aandikwe kuwa mwajiriwa, na vyumba vya kulala viwe na choo na maji. Yalikuwa madai ya kawaida kabisa. Afisa alisema yote yamo katika sheria tayari, tunachoomba ni kile ambacho tunacho.

Alikuwa na tabia ya kufumba macho watu wakizungumza. Wageni walidhani amelala. Wakili, mara ya kwanza, alinyamaza katikati ya sentensi kwa heshima ya mzee. Afisa akasema, bado amefumba, "Umefika kwa choo. Endelea."

Na alikuwa mchoyo wa sifa. Nilipozungumza vizuri mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kudhani ninaliweza, nilimtazama nikingoja neno. Alinipa kikombe changu nikakioshe.

Lazima pia niseme habari za Tetu.

Msimu wa kahawa ulipofika, Afisa alimwambia Mwende, ambaye alikuwa ameanza kupata nguvu na hana kazi, aende kuchuma kwake. Nami nilikuwa katika yale majuma ya kupumzishwa, nikaenda naye. Shamba lilikuwa zuri, kwenye mteremko, mikahawa imezaa mpaka matawi yanainama. Wachumaji wengine walikuwa wametoka mbali kama sisi, kutoka Kitui na upande wa ziwa. Jioni tulionyeshwa pa kulala. Ilikuwa stoo. Magunia yametandazwa kwenye sakafu ya udongo, na kwenye kona kulikuwa na pampu ya kunyunyizia dawa na madebe mawili.

Mwende alisimama mlangoni, hakuingia.

"Afisa," alisema, kwa upole kabisa, "hapa pia kunanuka dawa."

Afisa alikuwa nyuma yetu na taa. Alichungulia ndani kama mtu anayeona mahali hapo mara ya kwanza. Kisha akasema, haraka haraka, "Kahawa hairudishi kitu siku hizi. Nikiwajengea, hawa nitawalipa na nini?"

 Maneno hayo hayo tulikuwa tumeyasikia kutoka kwa meneja wa shamba la maua, na Afisa ndiye aliyetufundisha namna ya kuyajibu. Niliona kwamba ameyasikia mwenyewe. Aliweka taa chini, akaingia, akaanza kutoa madebe ya dawa nje, moja moja, akiyakumbatia kifuani, na alipomaliza akatupeleka mimi na Mwende tukalale nyumbani alikofikia yeye, kitandani kwake, na yeye akalala kwenye kiti. Wachumaji wengine walibaki stoo. Kesho yake alileta magodoro kutoka mjini. Hakujenga. Msimu uliofuata niliambiwa kwamba walilala pale pale, juu ya magodoro yale, ambayo sasa yalikuwa yamelowa upande mmoja. Sikumwuliza tena. Nadhani kila mtu ana stoo yake, na yake alikuwa ameiona.

Kulikuwa na siku moja tuliyoshinda, au ndivyo tulivyodhani. Meneja alikubali kutupokea wote pamoja. Tulipita ofisi ya mbele, tukaketi meza moja ndefu: chama, kanisa, msikiti, wakili, na mimi na gambuti zangu zilizopasuka. Meneja alikuwa mtu wa huku huku, mwenye sauti laini, na hakututukana. Alisoma madai, akauliza maswali mazuri, akasema atayapeleka kwa wenye shamba. Chai ikaletwa. Afisa akaomba maji ya moto.

Tulipotoka, Katibu na Padri walitembea pamoja mbele yetu wakicheka jambo fulani. Hajji akawaambia vijana wake waliokuwa wanangoja nje kwamba mambo yatakuwa sawa. Mimi nilimpigia mama simu Bungoma nikamwambia labda mwaka ujao nitawachukua watoto. Afisa alikuwa nyuma, anatembea polepole.

"Unaonaje?" nilimwuliza.

"Alikuwa mpole sana," alisema. "Mtu ambaye ataenda kubadilisha kitu, hukasirika kidogo."

Jibu halikuja kwa kamati. Lilikuja kwa kila mtu kivyake. Padri aliitwa kwanza. Shamba lilikuwa tayari kuchimba kisima kwa ajili ya shule ya msingi ya parokia, ambako watoto walikuwa wanachota maji kwenye mtaro na kuharisha kila kiangazi. Masharti hayakuandikwa popote. Aliambiwa tu kwamba shamba lingependa kuona parokia ikijihusisha na mambo ya roho. Alikuja kwa Afisa mwenyewe kumweleza, na alilia. "Ningewaambia nini wazazi?" aliuliza. Afisa alimwambia achukue kisima.

Kisha Katibu. Shamba lilikitambua chama chake, jambo alilokuwa amelipigania maisha yake yote, lakini kwa wafanyakazi wa kudumu peke yao. Vibarua tusitajwe. Katibu alisema ni mlango, ataingia kwanza halafu atatuvuta. Nadhani aliamini. Alistaafu akiwa bado anasema hivyo.

Wakili alipiga simu kutoka Nairobi. Wafadhili walikuwa wamegeukia mambo mengine, ofisi inafungwa mwisho wa mwezi, na kesi ya Mwende, ambayo alikuwa ameanza kuiandaa, itapewa shirika lingine. Shirika hilo halikuwahi kutupigia.

Hajji ndiye aliyeshikilia mwisho. Hakuahidiwa kitu, kwa sababu hakuwa na kitu alichotaka kutoka kwao. Waliacha tu kuandika vijana wa kaskazini. Kila kijana aliyefika na kitambulisho cha Isiolo au Marsabit aliambiwa nafasi zimejaa. Wazazi wao wakamwendea Hajji, wakamwomba kwa heshima aache kutusaidia. Alikuja hadi ukumbini kutuaga, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama, mimi siogopi," alimwambia Afisa. "Lakini hawa watoto ni wa watu."

"Najua, Hajji. Enda kwa amani."

Nilikasirika kwa niaba ya Afisa. Nilisema wote ni wasaliti, wamenunuliwa, na maneno mengine. Afisa alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Ungenionyesha hata mmoja ambaye ni mbaya," alisema, "ningejua nimkasirikie nani. Angalia vizuri. Kila mtu amechukua kitu cha maana. Maji ya watoto. Chama. Kazi za vijana. Ati tuwaambie wakatae?"

Mkutano wa mwisho tulikuwa watu wawili. Alikuja na githeri ile ile ya watu kumi, maana hakuna aliyemwambia kwamba hatafika. Tulingoja. Mlinzi wa kanisa akaja kuuliza kama anaweza kuondoa viti. Afisa akamwambia aviache. Akafungua mkutano. Akaomba, akasoma ajenda, ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwa kila moja aliniuliza mimi, mwakilishi wa vibarua, kama nina la kusema. Nikawa nasema hapana. Tulipofika mwisho akafunga kwa sala, tukala kidogo, na kilichobaki tukampa mlinzi.

Mkataba wangu haukuandikwa tena. Hakuna aliyenieleza sababu, na sikuhitaji kuelezwa. Nilihamia Nanyuki nikauza sukuma wiki na nyanya karibu na soko, biashara ya kushindana na wanawake kumi wenye nyanya zile zile. Mwende alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Tuliongea kwa simu mara mbili, mara ya pili alikuwa ananong'ona, kisha namba yake ikaacha kuingia. Nilikwenda Gatitu kumwambia Afisa. Aliniuliza kama najua jina la watu waliompeleka. Sikulijua. Alianza siku hiyo kuandikia ofisi hii na ile, na alipopata jibu lilikuwa la kumwambia ajaze fomu nyingine. Aliendelea kujaza. Mtu mmoja wa pale Gatitu alinieleza kwamba watu wa posta walikuwa wakimwona wanatabasamu, jinsi watu wanavyomtabasamia mzee anayeuliza kuhusu basi lililoacha kupita njia hiyo.

Nyanya zilinishinda. Nilirudi mashambani, lakini sasa kupitia kwa wakala. Siku hizi mashamba hayaandiki vibarua yenyewe. Mtu wa katikati ndiye anayewakusanya, anawaleta kwa lori asubuhi na kuwarudisha jioni, na ukiumia, shamba linasema wewe si wao, wakala anasema amekuleta tu. Hata ile miezi mitatu sasa ninaikumbuka kama neema. Asubuhi unasimama kando ya barabara, na supavaiza wa wakala anakunyooshea kidole au anakupita. Alituambia mapema, bila hasira, kwamba yeyote atakayeonekana na watu wa haki za wafanyakazi asijisumbue kuja kesho yake.

Afisa alikuwa amenipigia simu mara kadhaa. Mara ya kwanza nilipokea. Alisema kuna padri mpya, kijana, na kuna msichana katika ofisi ya chama ambaye anataka kusikiliza, na mtoto wa Hajji amesema atakuja. Wako tayari kuketi. Anachokosa ni mtu wa kusema kwa niaba ya vibarua. Nilimwambia nitafikiria. Simu zilizofuata niliziacha zilie mpaka zinyamaze.

Basi akaja mwenyewe. Ilikuwa jioni, upepo unatoka mlimani, nasi tunatoka kazini kwenye ile barabara ya murram mbele ya shamba, askari wakipekua mifuko yetu kama kawaida. Lori lilikuwa limewashwa. Supavaiza alikuwa amesimama kando ya mlango wake, anahesabu vichwa. Nikamwona Afisa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekonda mno, koti la sufu linamning'inia, na mkononi ana chupa ya githeri.

Aliniona. Akaanza kuinua mkono. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alinitazama, akamtazama supavaiza, akatazama lori, na mkono ule ukaishia kwenye kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akavuka barabara akaja mpaka niliposimama, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Samahani, mama. Hii barabara inatokea lami?"

Alikuwa akiipita barabara ile tangu mimi sijazaliwa.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Fuata tu moja kwa moja."

"Ni mbali?"

"Ni mbali kidogo."

"Haya, asante." Alitazama mikono yangu, iliyopasuka kwa miba na dawa, nami nikaificha kwenye aproni. "Na nyinyi, kazi iko sawa?"

"Tunashukuru Mungu."

"Basi mkae salama."

Akageuka, akaanza kutembea.

"Huyo shosho anataka nini?" supavaiza aliniuliza nilipofika kwenye lori.

"Anauliza njia," nilisema.

Alinitazama kidogo, akaniachia nipande. Tulimpita kabla ya kona. Aliposikia lori alisogea pembeni kwenye nyasi, akatupa mgongo na kuukabili ua wa shamba, akangoja vumbi lipite. Mwanamke niliyebanana naye, mgeni aliyekuja juzi kutoka Busia, aliuliza kama kuna mtu anayemjua yule mama. Hakuna aliyejibu. Wengi wao, hata hivyo, kweli hawakumjua.